Columbus, treni ya Leonardo na swali la kutengua yaliyopita

Non ci resta che piangere, yaani “Kilichobaki ni kulia tu”, ni filamu ya vichekesho iliyotolewa nchini Italia mwaka 1984. Iliongozwa na Roberto Benigni na Massimo Troisi, ambao pia ndio wahusika wakuu: Benigni ni Saverio, mwalimu, Troisi ni Mario, mhudumu wa shule. Wakichoka kungoja treni kwenye kivuko cha reli, wanachepuka njia, gari linaharibika, mvua inawanyeshea, na wanalala katika nyumba ya wageni. Wanapoamka ni mwaka 1492. Filamu haielezi walivyofika huko. Inachoshughulika nacho ni swali la kale la falsafa na teolojia: je, jambo lililokwisha kutendeka laweza kutenguliwa?

Saverio anaamini laweza. Dada yake ameachwa na mpenzi Mmarekani na amezama katika huzuni. Kwa hiyo Saverio, pamoja na Mario, anashika njia ya Hispania ili amzuie baharia Christopher Columbus asisafiri. Pasipo safari hiyo iliyofika Amerika, Mmarekani huyo hatakuwapo. Wanafika pwani merikebu zikiwa zimekwisha kung’oa nanga.

Kuhusu swali hilo, mwanafalsafa Aristoteli, katika kitabu cha sita cha Maadili ya Nikomako, alikubaliana na mshairi Agathoni kwamba hata mungu hawezi kulifanya lililotendeka liwe halikutendeka. Katika karne ya 11, mwanateolojia Petro Damiani alisita kumwekea Mungu mpaka huo, kwa kuwa Mungu hafungwi na wakati: kwake jana na kesho zi mbele yake pamoja. Mwanateolojia Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alirudi upande wa Aristoteli. Kusema kwamba Sokrate aliketi na hakuketi ni kujipinga, na jambo linalojipinga haliwezi kutendwa na yeyote. Hivyo uweza wa Mungu haupungukiwi na chochote.

Mwaka 1976 mwanafalsafa Mmarekani David Lewis alilitumia wazo hilo kwa msafiri wa wakati. Msafiri aweza kutenda mambo katika siku zilizopita, lakini atakayoyatenda yalikwisha kuwa sehemu ya siku hizo. Kwa hoja hiyo, Saverio hakuponzwa na bahati mbaya. Columbus alisafiri, basi kila aliyejaribu kumzuia alishindwa. Tena mpango wenyewe unajikata mzizi: asipokuwapo Mmarekani hakuna huzuni, na pasipo huzuni Saverio hana sababu ya kwenda Hispania.

Hata hivyo, filamu inamalizika kinyume cha hoja hiyo. Njiani Saverio na Mario walikutana na mchoraji na mvumbuzi Leonardo da Vinci, wakamsimulia juu ya vyombo vya karne ya 20, treni ikiwemo. Mwishoni wanaona moshi wa treni na kuukimbilia wakidhani wamerudi kwao, kumbe dereva ni Leonardo, aliyeiunda kutokana na maelezo yao. Mpango uliokusudiwa umeshindikana, na mazungumzo ya kupitisha muda yamegeuza historia.

Kimantiki, majibu hayo mawili hayapatani. Kimaadili yanafundisha jambo moja: mtu hutawala nia yake kuliko matokeo ya matendo yake. Hata kama Columbus angezuiwa, huenda Wazungu wangefika Amerika kwa njia nyingine: baharia Pedro Álvares Cabral alifika Brazili mwaka 1500 akielekea India, katika safari iliyomfikisha pia Kilwa na Malindi. Tukio kubwa halitegemei mtu mmoja.

Dini hazimwahidi mwanadamu kutengua yaliyopita. Katika Ukristo na Uislamu, toba huleta msamaha wa dhambi. Tukio lenyewe hubaki limetendeka. Kinachobadilika ni hali ya mtu mbele ya tukio hilo. Kosa la Saverio ni kutaka kufuta chanzo cha huzuni badala ya kumhudumia mwenye huzuni. Dada yake alihitaji faraja, na hiyo ilikuwa ndani ya uwezo wa kaka yake kabla hajapotea njia.