Ampliato wa Shauri Moyo

Somo: Warumi 16:1–16, 22–23

Sura hii huwa tunaikimbia. Msomaji wa zamu akiifikia huvuta pumzi, akawapita Asinkrito na Flegonti mbiombio, na akirudi kuketi tunamwonea huruma kwa ugumu wa majina. Paulo alikuwa Korintho, karibu mwaka 57, akiwaandikia watu wa mji ambao hajaufikia bado. Baada ya hoja zote zile nzito za sheria na neema, anaketi kuwasalimu watu zaidi ya 20, mmoja mmoja. Wengi anawataja pamoja na kazi yao. Fibi alihudumu Kenkrea, Priska na Akila waliyaweka maisha yao hatarini kwa ajili yake, Persisi alifanya kazi sana. Kisha katika mstari wa 8 anamfikia Ampliato, jina lililokuwa la kawaida kwa watumwa wa Kirumi, na hamtajii kazi yoyote. Anasema tu kwamba ni mpendwa wake katika Bwana, halafu anaendelea na wengine.

Nimekaa na mstari huo tangu tulipomzika ndugu yetu, yule aliyesimama kila asubuhi hapa Shauri Moyo, kwenye njia ya kwenda soko la Burma. Walioandika wasifu wake walipata taabu. Karatasi zetu za mazishi zina vichwa vyake: elimu, kazi, ndoa, watoto. Kwake vyote vilibaki vitupu. Mmoja akapendekeza tuandike kwamba alikuwa malaika. Nilikataa, na bado nakataa. Malaika hakopi chapati, wala hanuni siku mbili Gor Mahia ikifungwa. Huyu alikuwa mwanamume mzima, mwenye ndevu za mvi, aliyezaliwa na hali ya Down. Mwingine akasema matangani kwamba Mungu amempumzisha na mateso. Mateso gani? Walioteseka ni sisi, tuliochelewa steji kwa sababu hajamaliza kutusalimia.

Maana salamu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Aliwajua kwa majina wauza nyama wa Burma, mafundi wa mabati wanaoteremka Kamukunji alfajiri, makanga, wanafunzi na wadogo zao. Akikushika mkono alikuuliza habari za kwako mtu kwa mtu, na hakujua kwamba kuna majina ambayo watu wenye adabu huyakwepa. Jirani yetu mmoja mwanawe alifungwa. Sisi tulimsalimu mama huyo kwa uangalifu, tukauliza mgongo unaendeleaje, biashara je, na hii mvua. Ndugu yetu alimwuliza kijana anarudi lini, tena kwa jina, kila alipomwona. Tulidhani anamtonesha kidonda. Siku ya mazishi mama huyo alisimama akasema kwamba kwa miaka ile yote hapakuwa na mtu mwingine mtaani aliyemtaja mwanawe kama mtu aliye hai.

Kanisani mambo hayakuwa rahisi. Tukiambiwa tupeane mikono, yeye alianzia mbele na kuimaliza kwaya nzima, sauti ya tatu na ya nne, mchungaji akisubiri. Mzee mmoja alishauri awekwe nyuma karibu na mlango. Katika mstari wa 16 Paulo anawaagiza wote wasalimiane, na sioni mahali alipowawekea dakika.

Mwaka 1959 Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza kwamba watu wenye hali ya Down wana kromosomu 21 tatu badala ya mbili. Kromosomu hiyohiyo ndiyo yenye jeni ya protini inayorundikana katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer. Kwa hiyo wengi wao, wakijaliwa kuifikia miaka ya hamsini, huanza kusahau mapema kuliko watu wengine. Ndugu yetu alizaliwa miaka ya 1970, na mama yake aliambiwa asitarajie kumwona akibaleghe. Alivuka 50. Kisha majina yakaanza kumtoka, kwanza ya makanga, halafu ya wanakwaya, mpaka akawa anasimama palepale njiani, mkono ameunyosha, jina halimjii.

Sisi tuliolelewa katika ushuhuda wa uamsho tunapenda wokovu unaokumbukwa: siku niliyookoka, mahali, wimbo uliokuwa ukiimbwa. Basi asiyekumbuka tumweke wapi? Mwishoni ndugu yetu hakuweza kulitaja jina la Yesu bila kusaidiwa. Lakini Ampliato naye hakujiandika katika barua ile. Paulo alitamka, Tertio akaandika, jina likavuka bahari na kusomwa mbele ya watu. Hata kama mwenyewe angekuwa amelisahau siku ile, lisingefutika, kwa kuwa halikushikiliwa na kumbukumbu yake. Aliitwa mpendwa na mwingine, katika Bwana, na huko ndiko neno hilo lilikokaa salama.

Majina yalipomtoka ndugu yetu, watu walianza kujitaja kwake. Hakuna aliyetangaza wala kamati iliyoketi. Muuza nyama alimshika ule mkono ulionyoshwa, akamwambia yeye ni fulani, wa bucha ya pili, kisha akamwita kwa jina lake. Fundi naye vivyo hivyo, na nyundo kwapani. Mara nyingine alicheka, mara nyingine alitazama tu.

Katika mstari wa 13 Paulo anamsalimu Rufo pamoja na mama yake, ambaye anasema amekuwa mama kwake pia. Mama wa ndugu yetu amevuka miaka 80, na yuko nyumba ileile. Kwa miaka mingi aliomba amzike mwanawe kuliko kumwacha nyuma, na sasa ombi hilo lililojibiwa linamlemea. Amesema hataki kuombewa kwa simu, anataka watu waje waketi. Orodha ya kumtembelea iko kwa katibu wa ushirika. Jumanne na Ijumaa bado hazina jina.