Dawa Uliyoinunua: Je, Ni Mali Yako Peke Yako?

Miongoni mwa maswali ambayo yatupasa kuyatia katika mizani ya dini na akili ni hili: mtu akinunua dawa kwa pesa zake za halali, je, ana haki ya kuitumia atakavyo, aiache atakapo, na ampe amtakaye? Wengi hujibu upesi kuwa haki hiyo anayo, kwani mali ni yake na mwili ni wake. Sisi twasema kuwa jibu hilo lafaa kwa vitu vingi, walakini halifai kwa dawa tutakayoitaja hapa.

Dawa yenyewe ni amoksisilini, ambayo ni nadra kuikosa katika maduka ya dawa kuanzia Lamu mpaka Vanga. Nayo ni katika ukoo wa penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928. Kazi yake ni kuwazuia bakteria wasijenge ukuta wa miili yao, wakapasuka wakafa. Kwa hivyo hutibu maradhi yaletwayo na bakteria, kama vile baadhi ya nimonia na baadhi ya maradhi ya masikio na ya koo. Ama mafua na vikohozi vingi vya msimu, hivyo huletwa na virusi, na virusi havina ukuta huo wa kuvunjwa. Malaria nayo huletwa na kijidudu cha namna nyingine kabisa. Basi mwenye kumeza amoksisilini kwa mafua au kwa malaria hajajitibu.

Wanavyuoni wetu wa kutengeneza mambo wamekuwa wakituonya tangu zamani tusitegemee hirizi. Leo twaona kidonge cha rangi mbili kimekuwa hirizi mpya. Mtu akikohoa, hukimbilia hicho. Mtoto akipata joto, hupewa hicho. Wala haulizwi mwenye kujua. Tofauti iko wapi? Yule wa kwanza ameivaa shingoni, na huyu wa pili ameimeza. Tena huyu wa pili madhara yake ni mapana zaidi, kwani hirizi ya mtu haimdhuru jirani, na kidonge hiki chaweza kumdhuru.

Vipi kidonge nilichomeza mimi kimdhuru jirani yangu? Katika mwili wa kila mtu wamo bakteria wasio na idadi. Wachache miongoni mwao hutokea kuwa na nguvu ya kuihimili dawa. Wako wenye kutoa kitu kinachoivunja amoksisilini kabla haijafanya kazi. Dawa ikiingia mwilini, huwaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi wale wagumu, nao huzaana na kufundishana ugumu wao, kwani bakteria huweza kupeana sifa hiyo. Kisha hawakai kwa mwenye mwili tu. Hutoka kwa mikono, kwa maji, kwa vyoo na kwa kikohozi, wakawaendea mke, watoto na majirani. Siku jirani atakapougua kweli, atapewa dawa ile ile naye hatapona, na huenda maishani mwake hakupata kuitumia vibaya hata mara moja.

Fleming mwenyewe alilionya jambo hili alipopokea Tuzo ya Nobel mwezi wa Disemba mwaka 1945. Alipiga mfano wa mtu aliyeumwa na koo, akajinunulia penisilini na kutumia kidogo isiyotosha kuwaua wadudu. Wadudu wakawa sugu, wakampata mkewe, naye akafa kwa sababu dawa haikumfaa. Fleming akauliza ni nani wa kulaumiwa kwa mauti hayo, akajibu kuwa ni yule mume. Na jambo hili halikubakia mfano. Wataalamu waliohesabu vifo vya dunia nzima kwa mwaka 2019 walikadiria kuwa watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kutafuta mbali ili tuifahamu hukumu ya jambo hili. Bwana Mtume (s.a.w.) ametupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wale wa chini wakaona tabu kupanda juu kila wanapotaka maji, wakaazimia kutoboa tundu katika sehemu yao wenyewe. Wakiachwa wafanye watakavyo, wote wataangamia. Na wakizuiwa, wote wataokoka. Uangalie mfano huu, ewe msomaji. Watu wale hawakukusudia ubaya, na mahali walipotaka kutoboa palikuwa ni pao. Walakini bahari haiulizi ubao ni wa nani.

Basi jibu letu ni hili: kidonge ni chako, lakini nguvu iliyomo ndani yake ni amana ya watu wote, na wa baadaye pia. Mali ya mtu haimpi haki ya kumdhuru mwingine, na hii ni kanuni ya sharia inayojulikana na kila mwanafunzi wa fikihi.

Huenda mtu akatuambia: “Maskini afanye nini? Hana nauli ya kwenda hospitali, hana ada ya daktari, na mfukoni ana pesa za vidonge vinne tu.” Hoja hii ni nzito, wala haifai kupuuzwa. Mtu huyu hatumlaumu kama tunavyomlaumu mwenye uwezo afanyaye hayo kwa uvivu. Lakini uzito wa hoja haubadilishi kazi ya dawa: vidonge vinne visivyotosha vyaweza kummalizia pesa zake na kumwachia maradhi yake. Ikiwa jahazi ni moja, basi kumpatia maji yule wa chini ni wajibu wa wale wa juu. Twatoa sadaka za vyakula, nazo ni njema. Kwa nini mtaa usiwe na fungu la kumfikisha mgonjwa kwa daktari na kumtimizia dawa yake? Fungu kama hilo lingemfaa maskini, na lingemlinda hata tajiri.

Ama mwenye duka, naye ana sehemu yake. Sheria ya Kenya yataka dawa hii itolewe kwa cheti cha daktari. Na dini imekwisha kutufundisha kuwa mwenye kutibu watu na hali hajulikani kwa utabibu, hubeba dhamana ya madhara atakayoleta. Hukumu hiyo yamfikia pia jirani mwema agawaye vidonge vilivyombakia.

Mwenye kupewa dawa hii kwa haki, na amwambie daktari mapema ikiwa penisilini ilipata kumdhuru. Akivimba uso au midomo, au akipata shida ya kuvuta pumzi, aache na akimbilie hospitali. Aimeze kwa saa alizoambiwa. Akisahau, ameze akumbukapo, isipokuwa ikiwa wakati wa nyingine umekaribia, wala asimeze mbili pamoja. Dawa ya maji ya mtoto itikiswe na ipimwe kwa kipimo chake, si kwa kijiko cha chai, na imwagwe siku zilizoandikwa zikipita. Siku za dawa hutofautiana kwa maradhi. Asizipunguze kwa kuwa amepata nafuu, wala asizizidishe kwa hofu, ila kwa shauri la daktari. Zikibakia, zirudishwe dukani, zisiwekwe kabatini.

Katika Hadithi ya mtu aliyeambiwa ampe nduguye asali kwa maradhi ya tumbo, akarudi mara kwa mara kusema haikumfaa, na kila mara akaamrishwa ampe tena mpaka akapona, Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alieleza kuwa dawa ina kipimo kinacholingana na maradhi: ikipungua haiyaondoi, na ikizidi hudhoofisha nguvu.

Na mwezi wa Ramadhani, mgonjwa asizirundike dawa za mchana usiku kwa rai yake. Amuulize daktari kama saa zaweza kubadilishwa. Na akiambiwa haiwezekani, ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine imo katika Sura ya Al-Baqara. Kuipokea ruhusa ya Mwenyezi Mungu ni katika kumtii.

Wabillahi tawfiq.