Karatasi Ilikuuliza Nini?



Mwaka 2022 matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo yalizua mjadala nchi nzima: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Yaani watu wenye shahada zao mkononi! Mimi namfikiria anayesubiri mtihani huo sasa, usingizi hauji, chakula hakipiti.

Kiswahili kinaita karatasi ya maswali mtihani, na msiba nao tunauita mtihani. Ndiyo maana ukifeli unaona kama Mungu mwenyewe amekukataa. Lakini wewe wa sheria umefundishwa kwamba hakimu huamua shauri lililo mbele yake tu. Mbona ukijihukumu mwenyewe unavuka mpaka? Karatasi ilikuuliza uandishi wa nyaraka za kisheria. Wewe umetoa hukumu kwamba si mtu wa maana. Nani alileta shauri hilo?

Mt. Alfonsi Maria wa Liguori alipata udaktari wa sheria akiwa na miaka 16. Mwaka 1723 alishindwa kesi kubwa kule Napoli, akaumia sana, akaacha uwakili. Leo ni Mwalimu wa Kanisa. Sisemi ukifeli uje seminari, jamani! Ila leo funga daftari saa nne, sali, ulale.