Asiyeshika Jembe Asitanie

Wajukuu wangu mlio Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya na kote mlikotawanyika,

Mambo mawili yananifanya niwaandikie. La kwanza ni swali mnaloniuliza kila mnapokuja likizo: “Babu, sisi Wangoni tumebaki na nini?” Mmekulia katika Kiswahili, baadhi yenu mama zenu ni Wachaga na Wasukuma, na ngoma yetu ya lizombe mnaiona kwenye video za harusi tu. La pili ni yale maneno mnayowarushia watu wa makabila mengine kwenye makundi yenu ya WhatsApp, mkiyaita utani. Nimeyatafakari yote mawili nikaona shina lake ni moja: hamjaambiwa utofauti wetu ulikaa wapi.

Tuanze na damu, maana hapo ndipo wengi hupotea. Hapakuwa na siku ambayo Wangoni walikuwa watu wa damu moja. Wazee wetu walitoka kusini mwa Afrika wakiongozwa na Zwangendaba, wakikimbia misukosuko ya zama za Shaka, mfalme wa Wazulu. Walivuka mto Zambezi mwaka 1835, wakapanda hadi Ufipa, na huko Zwangendaba akafariki na watu wake wakagawanyika. Njiani walikuwa wamekwisha kuwachukua Watonga, Wakalanga na Wasenga. Walioingia nchi hii ya Songea wakawachukua Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa na wengine. Wengi waliingizwa kwa mkuki, wakiwa mateka, na jambo hilo msilifiche mnaposimulia habari za kwetu.

Tazameni kilichofuata. Lugha iliyokuja kutoka kusini ilififia. Kingoni tunachosema leo Songea ni ndugu wa Kindendeule na Kimatengo, wala si ndugu wa Kizulu. Aliyetekwa ndiye aliyemfundisha aliyemteka namna ya kusema, na watoto wa wote wawili wakaitwa Wangoni. Mwaka 1906, baada ya watu wetu kuingia katika vita vya Maji Maji, Wajerumani waliwanyonga wakuu wetu kwa makumi, wakiwemo nkosi, yaani mfalme, Mputa Gama na nduna, yaani jemadari, Songea Mbano, ambaye mji wetu unabeba jina lake. Kila Februari watu hukusanyika kwenye makumbusho ya Maji Maji pale Songea kuwakumbuka. Anayekuja kuomboleza haulizwi kama babu yake alivuka Zambezi au alikutwa hapahapa.

Kwa hiyo mtu akikwambia wewe si Mngoni kamili kwa kuwa mama yako alizaliwa Moshi, jua kwamba hajui Wangoni ni nani. Na wewe usimwambie mwenzako hivyo. Hata majirani zetu Wahehe, ambao jina lao liliwatisha Wajerumani, waliunganishwa katika karne ya kumi na tisa kutokana na himaya ndogondogo nyingi, chini ya Munyigumba na mwanawe Mkwawa. Makabila hutengenezwa na watu, na watu wanaweza pia kuyaacha yafe.

Kama si damu, na kama lugha yenyewe ilibadilika, ni kitu gani kilichotubakiza? Mila, nkosi, ngoma na majina ya koo vilifanya kazi yake. Lakini kuna mlinzi mmoja msiyemhesabu, naye yuko nje ya boma letu: mtani. Kabila hutunzwa na watu wawili, aliye ndani anayeliishi, na aliye nje anayelitambua na kulidai haki yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali. Hakuna aliyemmaliza mwenzake. Mpaka leo Mhehe atakwambia yeye ndiye aliyetukimbiza, nawe utamjibu kwamba babu yake alijificha porini, na nyote wawili mtacheka. Watu waliouana walihitaji njia ya kuishi jirani bila kusahau na bila kuuana tena, na njia hiyo ikawa utani. Wengine waliupata kwa njia nyingine. Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, walizoeana katika zama za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakipita Uzaramo kuelekea pwani. Mpagazi aliyefia njiani mbali na nduguze alihitaji mtu wa kumzika.

Hapo kwenye kuzika ndipo penye kiini. Mmezoea kumwona mtani msibani akileta vituko: anaigiza mwendo wa marehemu, anajilaza kaburini hadi apewe kitu, anakamata kuku au sufuria na kudai ikombolewe. Mnacheka, mnapiga picha. Je, mmemwona alipofika alfajiri na jembe? Mmemwona akipasua kuni, akichota maji, akiwalazimisha wafiwa wale? Kwa desturi ya kwetu hizo ni kazi zake, na vile vituko ni haki anayoipata kwa kuzifanya.

Kwa nini kazi hizo apewe mtu wa kabila jingine? Ndugu wa damu ameelemewa na majonzi, mikono yake haina nguvu. Tena ndugu wa damu ana jicho kwenye shamba na ng'ombe wa marehemu, hivyo akisema neno watu hulipima. Mtani hana urithi wa kugombea. Anaweza kusimama mbele ya ukoo mzima na kusema, “Mtumwa wangu huyu alikuwa bahili, na nyinyi watoto wake msipogawana vizuri mtafuata njia yake.” Neno hilo akilisema mjomba, litazaa ugomvi wa miaka. Akilisema mtani, watu watacheka, na usiku kila mmoja atalitafakari. Utofauti wake ndio unaompa ruhusa ya kusema kweli. Angekuwa sawa na sisi, angelia pamoja nasi, na kaburi lingekosa mchimbaji.

Ndiyo maana nasikitika ninapoona mnachokiita utani siku hizi. Unamtania mtu usiyemjua, wa kabila ambalo halina ahadi yoyote na letu, kuhusu chakula chao, lafudhi yao au wanawake wao. Akifiwa hutaonekana, wala yeye hatakuja kwako. Huo si utani, ni matusi yaliyovaa nguo za mila. Utani una sheria zake: unajua mtani wako ni nani, unakubali kurudishiwa kama ulivyotoa, hukasiriki, na siku ya shida unafika kabla hujaitwa. Asiyeshika jembe asitanie.

Sheria nyingine ni hii: penye madaraka, utani hukoma. Ukiwa unasahihisha mtihani, unasaili waombaji wa kazi au unapanga foleni ya wagonjwa, kabila la mtu si lako kulitamka hata kwa kicheko, kwa sababu aliye mbele yako hawezi kukujibu. Majirani zetu wa Rwanda walionja uchungu wa jambo hili. Miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika Uhutu na Ututsi kwenye vitambulisho, na mwaka 1994 vitambulisho vya namna hiyo vilitumika vizuizini kuamua nani afe. Nchi yetu ilichagua njia nyingine. Utawala wa machifu uliondolewa mwaka 1963, na tangu sensa ya 1967 serikali haijawauliza wananchi kabila lao. Wapo wanaodhani hatua hizo zilikusudia kuua makabila. Mimi naona ziliyaondoa mezani pa madaraka, yakabaki mahali yanapofaa: jikoni, ngomani na msibani.

Wala msidhani mambo haya ni ya vijijini kwetu tu. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza utani wa watu wa Niger katika orodha ya urithi wa binadamu. Nanyi mjini mmejitengenezea watani wapya. Klabu ya soka ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na tangu hapo kila moja imemfanya mwenzake ajijue. Ondoeni Simba, muone kama Yanga itabaki na ladha yake. Basi hata huko ishikeni sheria ileile: umemtania jirani Jumamosi baada ya mechi, akiugua Jumatatu mbebe umpeleke hospitali.

Sasa nawaagiza. Jueni ukoo wenu uliingiaje Ungoni, kwa hiari au kwa mkuki, na muwasimulie watoto wenu bila kupamba. Bibi zenu wangali hai na Kingoni wanacho; kaeni nao msikilize, muanze na salamu na majina ya mimea. Mkija msimu wa ngoma, lichezeni lizombe kwa miguu yenu, simu ziwekeni chini. Mama zenu wasio Wangoni waulizeni mila za kwao kwa heshima, kwa sababu hizo nazo ni zenu, na mtu mwenye kwao kuwili ana deni kuwili.

Kisha tafuteni watani wenu hukohuko mliko. Jueni ni Mhehe gani anayeishi mtaa wenu na ni yupi aliye nanyi kazini. Mkisikia amefiwa, msitume ujumbe wa pole na alama ya mikono iliyokunjwa mkadhani mmemaliza. Nendeni. Ulizeni kaburi linachimbwa wapi, vueni viatu, shikeni jembe. Mkishatokwa jasho, semeni maneno yote mliyonayo kuhusu babu yake aliyejificha porini. Siku hiyo hakuna atakayewauliza kama nyinyi ni Wangoni kweli.