Vijana wa Katunguru, Zitazameni Taa Zenu

Wanangu mnaoendesha taksi za Kasese, nanyi mnaolaza malori hapa Katunguru kabla ya kupanda Kichwamba au kushuka Mpondwe, nanyi mafundi chipukizi mliofungua gereji kando ya lami, nisikilizeni. Nataka kuwaonya juu ya hatari isiyopiga kelele. Tairi likipasuka utalisikia. Breki zikiisha zitalia. Taa ikififia haikuambii neno. Hupungua kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, na jicho lako huzoea, mpaka unafika siku ya kuendesha gizani ukidhani usiku ndivyo ulivyo.

Barabara yetu haimsamehe dereva wa namna hiyo. Ukishateremka Kichwamba, lami inapita ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth mpaka Kikorongo, na humo ndimo lilimo daraja letu juu ya Mfereji wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1952, ikapewa jina la malkia mwaka 1954. Viboko walikuwapo kabla ya hayo yote. Jua likizama hutoka majini kwenda malishoni, na hurudi kabla hakujapambazuka, na wakikuta barabara katikati ya njia yao huivuka tu. Kiboko mzima aweza kufika tani moja na nusu au zaidi, na usiku rangi yake haitofautiani na lami. Nyati ni mweusi. Tembo ni mrefu kiasi kwamba taa za dimu humulika miguu yake tu, nayo ni ya kijivu, wakati macho yake yako juu gizani. Hakuna hata mmoja kati yao atakayekupisha kwa kuwa una abiria.

Tufanye hesabu pamoja. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linamaliza mita 22 kila sekunde. Tangu jicho lione hadi mguu ukanyage breki hupita kama sekunde moja na nusu. Hapo mita 33 zimekwisha kwenda. Kisha, kwenye lami kavu na tairi nzuri, gari dogo linahitaji mita 35 hivi nyingine ndipo lisimame. Jumla ni karibu mita 70, na lori lililobeba saruji ya Hima au chumvi ya Katwe linahitaji zaidi. Taa nzuri za dimu zenyewe hazimuliki mbali kuliko hapo.

Sasa zifikirie zilizofifia. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizochakaa kikakuta kwamba kwenye dimu zilitoa asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya. Na mwanga hudhoofika upesi kadiri unavyokwenda mbali: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Kwa hiyo aliyebakiwa na asilimia 22 anaona nusu tu ya umbali aliokuwa akiuona zamani. Kiboko uliyekuwa ukimwona akiwa mita 60 mbele, leo utamwona akiwa mita 30. Kwa mwendo wa 80, utamfikia kabla mguu wako haujagusa breki.

Fahamuni kwanza kinachoharibika, maana asiyejua ugonjwa hawezi kuchagua dawa. Kile tunachokiita kioo cha taa si kioo. Ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, iliyovumbuliwa mwaka 1953, Ujerumani na Marekani kwa wakati mmoja. Land Rover za zamani zilikuwa na taa za mviringo za kioo halisi. Zile hazikugeuka manjano, ila jiwe moja la barabarani lilitosha kuzipasua. Plastiki ni nyepesi, haipasuki ovyo, nayo hufinyangwa kwa umbo lolote. Marekani iliiruhusu kwenye taa za mbele mwaka 1983, na leo imeenea kote. Lakini ina udhaifu wa aina mbili: hukwaruzika upesi, na haistahimili mionzi ya urujuanimno iliyomo katika jua. Ndiyo maana kiwandani huvikwa utando mwembamba, mgumu, usioonekana kwa macho. Utando huo ndio uhai wa taa. Jua likishaula, na vumbi na mchanga vikaumalizia, plastiki iliyo chini hubaki wazi, hugeuka manjano, kisha huota ukungu na nyufa ndogo ndogo. Mwanga unaopita humo hutawanyika. Kidogo hufika barabarani, na kingine humwingia machoni dereva anayekuja mbele yako.

Sisi tuko mahali pabaya kwa plastiki hiyo. Ikweta inaikata barabara yetu karibu na Kikorongo, na jua la hapa halina msimu wa kupumzika. Magari nayo hayatufikii yakiwa mapya. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza Uganda gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Maana yake gari la miaka 14 bado linaruhusiwa, na taa zake huingia nchini zikiwa na umri huohuo.

Sasa onyo lenyewe. Jihadharini na njia za mkato, kwa kuwa zote zinafanana kwa jambo moja: zinaing'arisha taa mbele ya mteja na kuiacha bila kinga. Dawa ya meno husugua ule umanjano wa juu; taa itapendeza, kisha ukungu utarudi baada ya muda mfupi. Mafuta ya aina yoyote huijaza mikwaruzo kwa siku chache, mvua ikinyesha yanakwenda. Dawa ya mbu ya kujipaka ni mbaya zaidi: huyeyusha uso wa plastiki, ndiyo sababu huonekana kama muujiza, lakini huacha uso laini unaonata na kuharibika haraka. Petroli na thina huipasua polikaboneti nyufa zisizotibika. Na wapo wanaotumia kikombe cha umeme kinachochemsha dawa na kupuliza mvuke wake juu ya taa. Mvuke ule ni wa viyeyushi vya sumu. Huyeyusha uso wa plastiki kwa dakika chache, na mapafu ya fundi huuvuta siku nzima. Kijana wangu, hakuna malipo ya taa mbili yanayolingana na mapafu yako.

Hata msasa, ambao ndio njia sahihi, ni hatari ukiishia nusu. Fundi anayesugua taa mpaka ikawa nyeupe, akaipaka kampaundi ya kung'arishia na kumkabidhi mwenye gari, amemaliza kuondoa utando uliokuwa umebaki na hakurudisha kitu. Ni sawa na kukwangua kutu kwenye bati la paa na kuliacha bila rangi: kutu itarudi kwa kasi kuliko mwanzo.

Kazi kamili ni hii. Osha taa kwa maji mengi na sabuni, chembe ya mchanga isibaki, kwa sababu itachora plastiki unapoisugua. Funika rangi ya gari kuizunguka taa kwa tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Chukua msasa wa maji. Kama utando wa zamani unabanduka vipande vipande, anza na namba 400 au 600 mpaka uishe wote. Kama ni umanjano tu, namba 800 au 1000 inatosha. Taa iwe imelowa maji muda wote. Panda hatua kwa hatua: 1000, 1500, 2000. Kila ubadilishapo msasa, badilisha na mwelekeo wa kusugua, ili uone kama mikwaruzo ya msasa uliotangulia imekwisha. Usiogope taa ikiwa nyeupe kama maziwa. Mradi weupe uwe sawasawa kila mahali, umefanya vizuri. Pangusa kwa spiriti na kitambaa safi, acha ikauke kabisa.

Ndipo ije kinga. Tumia kliya ya magari, yaani vanishi angavu, inayochanganywa na hadina ya kuikausha, na muulize muuzaji kama inazuia mionzi ya jua. Kama hajui, tafuta duka jingine. Kliya hiyo hukaa vizuri juu ya uso wa msasa bila kampaundi, kwa kuwa yenyewe huijaza mikwaruzo midogo. Pulizia tabaka nyembamba mbili au tatu, ukiacha kila moja ikauke kidogo kabla ya nyingine, mahali pasipo na vumbi. Vaa barakoa ya mpaka rangi na fanyia kazi mahali penye hewa, maana hadina huumiza mapafu. Gari lisioshwe mpaka kliya iwe imekauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Msimdanganye mteja kwamba taa imekuwa mpya. Katika vipimo vilevile vya AAA, taa zilizosafishwa zilirudi kwenye asilimia 70 hivi ya mwanga wa taa mpya. Ni faida kubwa kutoka asilimia 22, lakini asilimia 30 iliyopotea bado imepotea. Na kama ukungu uko ndani ya taa, au kioo cha ndani kinachorudisha mwanga kimeungua, msasa wa nje hausaidii; taa hiyo ni ya kubadilishwa.

Hapo kwenye kubadilisha nina neno kwa mnaonunua spea karibu na mpaka. Uganda tunaendesha kushoto. Ukivuka mpaka wa Mpondwe kuingia Kasindi, upande wa Kongo, wanaendesha kulia. Mwanga wa dimu haujanyooka sawa: upande mmoja umeinuliwa kidogo ili umulike kando ya barabara. Taa zilizotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto, zikiwamo za Japani, huinua mwanga upande wa kushoto. Taa zilizotoka kwenye magari ya Ulaya au Dubai huinua upande wa kulia, yaani machoni mwa dereva mwenzako hapa kwetu. Kabla hujalipa, iwashe taa mbele ya ukuta ukiwa umesimama nyuma yake, uone mwanga unapanda upande gani.

Wala msitafute mwanga kwa kuongeza nguvu ya balbu. Balbu ya kawaida ya H4 ni wati 55 kwenye dimu na 60 kwenye fulu. Ukiweka ya wati 100, joto linaunguza kioo cha ndani na waya, na ukungu wa nje bado upo ukiutawanya mwanga huo wote. Taa chafu yenye balbu kali humpofusha mwenzako na kukuacha wewe palepale.

Taa iliyokwisha kutengenezwa itunzwe. Usiipanguse kwa kitambaa kikavu ikiwa na vumbi. Mwagia maji kwanza. Ipake nta ya gari kila baada ya miezi michache. Unapoegesha mchana, tafuta kivuli, na kisipopatikana geuza uso wa gari mbali na jua. Kliya ikianza kufifia, usingoje igeuke manjano. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mafundi, ninyi mna dhamana kubwa kuliko madereva. Dereva huona kwa macho mliyomtengenezea. Mteja akikataa kulipia kliya, mweleze kwamba taa yake itarudi kuwa mbaya kuliko alivyoileta, na kama bado anakataa, afadhali msiuguse utando wake. Mtapoteza fedha ya siku moja, na hamtabeba lawama ya ajali.

Nanyi madereva, najua si kila mmoja ana fedha ya kliya leo, sembuse ya taa mpya. Lakini kila mmoja ana mguu wa kupunguza mwendo, na hilo halina bei. Kwa kilomita 40 kwa saa, gari dogo husimama ndani ya mita 26 hivi, nazo ziko ndani ya zile mita 30 ambazo taa iliyofifia bado inakuonyesha. Basi mwenye taa mbovu asizidi 40 kati ya Kichwamba na Kikorongo usiku, hata abiria wapige kelele, hata mwenye gari apige simu. Asiyeweza kuvumilia mwendo huo alale Katunguru, aondoke asubuhi. Mungu awalinde, na ninyi mjilinde.