Baiskeli Nyuma ya Mlango



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, leo naanza kwa kujishitaki mwenyewe. Nilipohamia Nyakabiga, karibu na kampasi ya Mutanga, baiskeli yangu niliiegemeza nyuma ya mlango. Ilikaa hapo mwaka mzima, nikitundikia mashati.

Wakati huohuo mafuta yaliadimika Bujumbura, na sote tunazijua zile foleni za basi. Mwenzangu wa darasa moja alikuwa akitoka Kinama kwa miguu, anaingia shati limelowa jasho na somo limeshaanza. Siku moja akaniomba ile baiskeli. Nikamwambia, "Tairi limetoboka, ndugu yangu. Nikilitengeneza nitakwambia." Tairi lilikuwa limetoboka kweli. Lakini nia ya kulitengeneza sikuwa nayo, na Allah alijua.

Usiku ule, katika sala ya Isha, nilisoma Surat Al-Maa'un. Wengi wetu tunaipenda kwa ufupi wake, hasa tukiwa na haraka. Humo Allah anawaonya wanaosali huku wameghafilika na sala zao, wanaojionyesha, na wanaozuia al-maa'un. Ibn Mas'ud (R.A.) alieleza kuwa hivyo ni vitu vya kuazimana, kama ndoo na chungu. Si dhahabu wala shamba. Nikarukuu, na baiskeli iko nyuma yangu.

Abu Said al-Khudri (R.A.) naye amepokea, katika Sahihi Muslim, kwamba wakiwa safarini Mtume (S.A.W.) aliamuru mwenye mnyama wa kupanda aliyezidi ampe asiye naye, na mwenye chakula kilichozidi ampe asiye nacho. Akaendelea kutaja aina za mali mpaka Maswahaba wakaona hawana haki katika chochote cha ziada.

Kwa nini basi tunang'ang'ania tusichokitumia? Tunasema, "Huenda kesho nikakihitaji." Kesho hiyo ni ya kudhania tu, haja ya mwenzako ni ya leo asubuhi.

Kulipokucha niliipeleka kwa fundi. Suratul-Baqara, aya ya 267, inatukataza kutoa kibovu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Kisha nikampa mwenzangu iwe yake kabisa. Na kwa kuwa aya ya 264 inakataza kuharibu sadaka kwa masimbulizi, nikimwona anapita najizuia hata kumuuliza kama breki zinashika.

Sisimulii haya kwa kujisifu. Sadaka hii ilichelewa mwaka mzima, na mwaka huo nitaulizwa.

Ndugu yangu, dada yangu, kabla ya Ijumaa ijayo fungua sanduku lako. Kuna kikokotoo ulichoacha kukitumia tangu mwaka wa kwanza, koti lisilovaliwa, vitabu vya masomo uliyokwisha kufaulu. Chagua kimoja, kisafishe, mpe anayekihitaji, kisha nyamaza.

Ewe Mola wetu, ifanye mikono yetu iwe myepesi kutoa na mioyo yetu iridhike na kidogo. Tusamehe tuliyoyazuia. Aamin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.