Kakapo, Panya na Deni Letu



Leo naomba tufikiri pamoja swali ambalo limenisumbua: je, ni halali mbele za Mungu kuua wanyama wengi wasio na kosa ili kumwokoa ndege mmoja adimu?

Huko Nyuzilandi kuna kasuku anaitwa kakapo. Ndiye kasuku mzito kuliko wote duniani. Ni wa kijani, hawezi kuruka, na hutembea usiku. Kabla ya binadamu kufika, visiwa vile havikuwa na mnyama wa nchi kavu anayenyonyesha zaidi ya popo. Maadui wa kakapo walikuwa ndege wanaowinda kwa macho, kwa hiyo akihisi hatari anatulia tuli asionekane. Mbinu nzuri, ila haimsaidii mbele ya mnyama anayewinda kwa pua.

Na wanyama hao tuliwaleta sisi binadamu. Wamaori walifika na panya na mbwa. Wazungu wakaongeza paka, panya wengine na sungura. Sungura walipozidi, miaka ya 1880 wakaletwa stoti, mnyama wa jamii ya kicheche, ili wawale. Stoti wakageukia pia ndege wasioruka. Kufikia 1995, kakapo waliojulikana walibaki 51 tu.

Waliobaki walihamishiwa visiwa vidogo kama Whenua Hou, ambako panya walimalizwa kwa sumu mwaka 1998. Mwaka 2022 kakapo walifika 252. Ni habari njema, lakini imegharimu uhai wa wanyama wengine.

Sasa panya ana kosa gani? Hana. Mnyama hatendi dhambi. Kosa ni la aliyemsafirisha. Ndiyo maana wengine wanasema: basi tuache, Mungu mwenyewe atajua. Mimi siafiki. Kama nimevuruga kitu na bado kinaendelea kuharibika, kukaa kimya si unyenyekevu, ni kukwepa.

Kumbuka sakramenti ya Kitubio. Aliyeiba ng'ombe akiungama anasamehewa kweli, lakini msamaha haumrudishi ng'ombe zizini. Lazima arudishe mwenyewe. Kwangu mimi, mitego ile ni sehemu ya kurudisha. Stoti ana kwao Ulaya na Asia, na huko wapo wengi. Kakapo hana kwao kwingine. Akiisha, ameisha, na namna yake ya kumtukuza Muumba inanyamaza moja kwa moja.

Ila malipizi hayaendi na kiburi. Katekisimu inatufundisha kwamba kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Kwa hiyo anayetega achague njia ya kuua haraka, asifurahie wala asimchukie mnyama. Ukimwita panya shetani, unamtwisha dhambi yetu.

Na maskini je? Katekisimu hiyohiyo inaonya tusitumie kwa wanyama fedha inayopaswa kwanza kupunguza taabu za watu. Nakubali kabisa. Lakini moyo uliozoea kuacha kiumbe kipotee kwa sababu "hakina faida", kesho utamwonaje mgonjwa au mzee asiye na faida?

Tusidhani haya ni ya mbali. Kunguru wa India waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka. Leo wametapakaa pwani yetu, wanakula mayai na makinda ya ndege wengine. Aliyewaleta alitaka usafi tu. Nia njema pekee haitoshi; busara nayo ni fadhila.

Basi kijana mwenzangu, jioni hii unapochunguza dhamiri, usiishie kwenye "nimemkosea Mungu". Uliza pia: niliyoyaharibu, nani anaendelea kuyalipia? Kisha anza kurudisha, hata kidogo.

Ee Mungu Muumba, utujalie moyo wa kutubu na mikono ya kutengeneza. Amina.